Jinsi Wakenya Walivyoichoka KANU

Chama cha KANU kilizaliwa Kiambu mwaka 1960, kikashika serikali mwaka 1963, na hakikuiachia hadi Desemba 2002. Katika karibu miaka 40 hiyo, si chini ya miaka 14 ya mwisho ilipita huku wananchi wengi wakiwa wamekichoka na wakilisema hilo waziwazi: makanisani, mahakamani, kwenye matatu, na hatimaye kwenye sanduku la kura. Hata hivyo chama kiliendelea kutawala. Kuanguka kwake kunaeleweka kwa urahisi. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini kulichelewa hivyo.

Mwanzoni KANU haikuwa chama cha kuogopwa. Ilishinda uchaguzi wa Mei 1963 dhidi ya chama cha KADU, na mwaka uliofuata KADU ikajivunja yenyewe, viongozi wake, Daniel arap Moi akiwa mmoja wao, wakahamia KANU. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijitenga na kuunda KPU. Chama hicho kilipigwa marufuku Oktoba 1969, baada ya ghasia na mauaji yaliyotokea Kisumu wakati Rais Jomo Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali. Tangu hapo Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa mazoea, bila sheria yoyote iliyosema hivyo.

Mfumo huo ulikuwa na tundu moja la kupumulia. Katika chaguzi za 1969, 1974 na 1979, wagombea wengi wa chama hichohicho walishindana katika jimbo moja, na wabunge wengi waliokuwa madarakani, hata mawaziri, waliangushwa. Mpiga kura aliyekasirishwa na barabara mbovu au bei ya kahawa hakuweza kuigusa serikali, lakini aliweza kumwadhibu mbunge wake. Hasira ikapata pa kutokea, na chama kikaonekana kina uhai.

Moi aliingia Ikulu Agosti 1978 baada ya kifo cha Kenyatta, akaahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake. Neno Nyayo likawa falsafa ya serikali, pamoja na ahadi ya amani, upendo na umoja. Watoto wa shule za msingi wakaanza kupewa maziwa ya bure yaliyojulikana kama maziwa ya Nyayo. Miaka michache ya mwanzo ilikuwa ya matumaini ya kweli. Juni 1982, Odinga na George Anyona walipokuwa wakijiandaa kuunda chama kipya, Bunge lilipitisha haraka kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kisheria. Wiki chache baadaye, Agosti 1, askari wa Jeshi la Anga walijaribu kupindua serikali, wakashindwa.

Baada ya jaribio hilo chama kilikaza mkono. Kamati ya nidhamu ya KANU iliweza kumfukuza mwanasiasa yeyote, na kufukuzwa chamani kulikuwa sawa na kufutwa katika siasa, kwa kuwa hapakuwa na chama kingine cha kukimbilia. Vijana wa KANU walidai kadi ya chama sokoni na kwenye vituo vya mabasi. Mwaka 1984 Moi aliwaambia mawaziri wake waimbe wimbo wake kama kasuku, kama yeye alivyoimba wa Kenyatta. Hakuwa akitania.

Kilichovunja uvumilivu wa watu wengi wa kawaida kilikuja mwaka 1988, nacho ni mlolongo. Katika uteuzi wa wagombea, kura ya siri iliondolewa. Wanachama walipanga foleni nyuma ya mgombea wao au wakala wake, wakahesabiwa mchana kweupe. Aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja hadi bungeni bila uchaguzi mwingine wa siri. Ubaya wa utaratibu huo haukuwa wizi peke yake, maana kura za siri pia huibwa. Mlolongo uliwafanya watu waushuhudie wizi kwa macho yao: foleni ndefu ikatangazwa imeshindwa na foleni fupi, na waliosimama kwenye ile ndefu wakarudi nyumbani wakijua walivyohesabiwa. Tundu la kupumulia likazibwa, na hasira iliyokuwa ikimwishia mbunge ikaanza kuelekea kwa chama chenyewe.

Kenneth Matiba alikuwa waziri wakati huo. Desemba 1988, baada ya uchaguzi wa matawi ya chama Murang'a uliolalamikiwa kwa wizi, alijiuzulu uwaziri, jambo lililokuwa nadra sana, kisha akafukuzwa chamani. Gazeti la kanisa lililoitwa Beyond lilichapisha habari za udanganyifu wa mlolongo na likapigwa marufuku. Katiba nayo ilikuwa imebadilishwa ili Rais aweze kuwaondoa majaji bila kufuata utaratibu wa awali uliowalinda. Kwa hiyo mtu aliyedhulumiwa kwenye foleni hakuwa na pa kwenda: chama kilikuwa kimemtendea, Bunge lilikuwa la chama, na jaji alikuwa anahofia kazi yake. Waliobaki na sauti walikuwa maaskofu na mawakili, na ndiyo maana majina ya Henry Okullu, Ndingi Mwana a'Nzeki, Timothy Njoya na Gitobu Imanyara yanatajwa zaidi katika historia ya miaka hiyo kuliko ya wabunge.

Siku ya kwanza ya mwaka 1990 Njoya alihubiri kwamba chama kimoja hakina maisha marefu, akitazama yaliyokuwa yakitokea Ulaya Mashariki. Mwezi uliofuata Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, aliuawa, na watu wakaingia mitaani. Mei 3 Matiba na Charles Rubia walidai hadharani vyama vingi. Walitaka kufanya mkutano Kamukunji, Nairobi, Julai 7. Walitiwa kizuizini siku chache kabla. Watu walikwenda Kamukunji hata hivyo, polisi wakawashambulia, na ghasia zikaenea hadi miji mingine. Siku hiyo inaitwa Saba Saba mpaka leo, na kuinua vidole viwili, badala ya kidole kimoja cha KANU, kukawa kosa la kumfikisha mtu mikononi mwa polisi.

KANU iliunda kamati iliyoongozwa na Makamu wa Rais, George Saitoti, kusikiliza malalamiko. Watu walikuja wakasema mengi kuliko ilivyotarajiwa, na mlolongo ukafutwa pamoja na ile kanuni ya asilimia 70. Chama kimoja kilibaki. Tanzania, karibu wakati huohuo, ilipita njia nyingine: Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi, na chama tawala, CCM, kikakubali kabla hakijasukumwa. KANU ilingoja mpaka ikasukumwa. Agosti 1991 Odinga, Martin Shikuku, Masinde Muliro na wenzao waliunda FORD kama vuguvugu. Novemba wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya. Desemba 3, mbele ya wajumbe wa KANU huko Kasarani, ambako wengi waliopanda jukwaani walikuwa wamepinga mageuzi, Moi akasema kifungu cha 2A kiondolewe. Wajumbe hao hao walipiga makofi.

Hapo ndipo mjadala wa vyama ulipoanza rasmi, na ulikuwa mjadala wa ajabu kidogo. KANU ilidai kwamba vyama vingi vitaleta ukabila na umwagaji damu. Wapinzani walijibu kwa neno moja, mageuzi, na kwa orodha ya dhuluma: ufisadi, mauaji ya kisiasa, wafungwa wa kisiasa, ardhi ya umma iliyogawiwa. Hakuna upande uliokuwa na mengi ya kusema kuhusu jinsi uchumi ungeendeshwa tofauti. Sababu yake si ngumu kuiona, maana viongozi wakuu wa upinzani walikuwa wametoka KANU. Mwai Kibaki, aliyekuwa makamu wa rais kwa miaka 10, alikuwa amesema muda mfupi kabla kwamba kuiondoa KANU ni sawa na kuukata mti wa mugumo kwa wembe. Wiki chache baadaye alijiuzulu na kuunda chama chake, DP.

Onyo la KANU kuhusu umwagaji damu lilitimia, ila kwa namna iliyoiaibisha. Mwishoni mwa 1991, baada ya wanasiasa wa chama hicho kufanya mikutano ya kudai utawala wa majimbo (serikali za mikoa) katika Bonde la Ufa, mapigano yalizuka dhidi ya jamii zilizohesabiwa kuwa za upinzani. Mamia ya watu waliuawa na maelfu wakakimbia mashamba yao. Wengi wa waliokimbia hawakuweza kupiga kura walikoandikishwa. Katika maeneo yaliyotangazwa kuwa ya KANU peke yake, zaidi ya wagombea kumi wa ubunge walipita bila kupingwa.

FORD ilikuwa na nafasi ya kushinda hata hivyo, kisha ikapasuka. Matiba, aliyetoka kizuizini akiwa mgonjwa, na Odinga, aliyekuwa amengoja zaidi ya miaka 20, kila mmoja aliona zamu ni yake. Zikabaki FORD-Asili na FORD-Kenya. Uchaguzi wa Desemba 29, 1992 ulimpa Moi takriban asilimia 36, Matiba 26, Kibaki 19 na nusu, Odinga 17 na nusu. Karibu theluthi mbili ya wapiga kura walimkataa rais, na rais akashinda. Sheria haikutaka wingi wa nusu ya kura. Ilitaka aliyeongoza apate pia asilimia 25 katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane, sharti ambalo Moi, mwenye kura kidogo kidogo nchi nzima, aliweza kulitimiza kuliko wapinzani wenye ngome moja moja. Bungeni KANU ilipata viti 100 kati ya 188, kwa sababu majimbo ya wafuasi wake yalikuwa na watu wachache.

Ushindi huo pia ulinunuliwa. Kundi la Youth for KANU '92, lililoongozwa na Cyrus Jirongo, lilimwaga pesa nyingi mno hivi kwamba noti ya shilingi 500 ilipewa jina la Jirongo. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikilipa kampuni ya Goldenberg fidia ya kusafirisha dhahabu na almasi ambazo nchi haikuwa nazo kwa kiasi hicho. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 40. Mwananchi aliyepokea noti ya Jirongo wakati wa kampeni aliirudisha dukani mwaka uliofuata, kwa bei ya unga.

Miaka mitano iliyofuata upinzani ulijitafuna. Wabunge wake walihama mmoja mmoja kurudi KANU, kila mmoja akisema anataka kuleta maendeleo kwa watu wake, na wafuasi wa vyama walitukanana wao kwa wao kuliko walivyoigusa serikali. Mwaka 1997, baada ya maandamano ya kudai marekebisho ya Katiba kabla ya uchaguzi, wabunge wa pande zote walikubaliana mabadiliko madogo. Wagombea urais walikuwa 15. Moi alipata asilimia 40, Kibaki 31, na Raila Odinga, Kijana Wamalwa na Charity Ngilu wakagawana sehemu kubwa ya zilizobaki. KANU ilibaki na viti 107 kati ya 210.

Mwishowe KANU iliangushwa na hesabu ileile iliyoilinda, safari hii ikiwa imegeuzwa. Katiba haikumruhusu Moi kugombea tena. Machi 2002 Raila aliunganisha chama chake cha NDP na KANU, akawa katibu mkuu, huku Saitoti akiachwa nje ya safu ya uongozi. Miezi michache baadaye Moi alimchagua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi, kijana aliyekuwa ameshindwa ubunge Gatundu Kusini mwaka 1997. Waliodhani zamu ni yao, yaani Raila, Saitoti, Kalonzo Musyoka na wengine, walitoka. Oktoba 14, siku ambayo wajumbe wa KANU walimwidhinisha Uhuru Kasarani, waasi walikuwa na umati Uhuru Park, na Raila akatamka maneno mawili, Kibaki tosha. Muungano wa NARC ukapatikana, na kura zilizokuwa zikigawanyika kwa miaka 10 zikawekwa kikapu kimoja. Desemba 27 Kibaki alipata asilimia 62 na Uhuru 31. Ukiilinganisha na ya 1992, kura ya KANU haikuwa imeporomoka sana; kilichobadilika ni kwamba safari hii ilikabiliwa na mpinzani mmoja mkubwa.

NARC nayo haikudumu. Ilianza vizuri, elimu ya msingi bila malipo ikawarudisha darasani zaidi ya watoto milioni moja mwaka 2003, lakini makubaliano ya kugawana vyeo yalipuuzwa, kashfa ya Anglo Leasing ikafuata, na katika kura ya maoni ya Katiba ya Novemba 2005 mawaziri walifanya kampeni dhidi ya rais wao, wakiwa upande mmoja na KANU. Upande wa rais, uliopewa alama ya ndizi, ulishindwa na upande wa wapinzani wa rasimu, wenye alama ya chungwa, na Kibaki akavunja baraza zima la mawaziri. KANU yenyewe ilipungua sana. Uhuru aliiacha mwaka 2012 akaunda TNA. Wanasiasa wake hawakutoweka: marais wote watatu waliofuata Moi waliwahi kuwa wabunge kwa tiketi ya KANU au kwa uteuzi wake, William Ruto akiwa mmoja wa vijana wa Youth for KANU '92, na katika uchaguzi wa Agosti 2022 mpinzani wake mkuu alikuwa Raila, aliyekuwa katibu mkuu wa chama hicho kwa miezi michache ya mwaka 2002.