Je, Wajua? Magadi na umeme hung'oa kutu ndani ya tangi

Tangi la petroli la gari la zamani, tuseme Volkswagen Beetle, hushika kutu kwa ndani kwa sababu maji hutuama chini ya mafuta. Msasa haufiki humo, umeme unafika. Tangi likishaoshwa hadi harufu ya petroli iishe kabisa, hujazwa maji yenye magadi soda. Kipande cha nondo huning'inizwa ndani bila kugusa bati: nondo kwenye chanya ya chaja ya betri, tangi kwenye hasi. Kutu nyekundu hugeuka nyeusi, ikabanduka. Usitumie chuma cha pua badala ya nondo, hutoa kromiamu yenye sumu. Na mapovu yanayotoka majini yana haidrojeni, inayolipuka. Moto uwe mbali! Ukishasuuza, kausha papo hapo, maana bati tupu hurudia kutu upesi.