Kweli au Uongo: Mkanda wa Bingwa Ukutani Kwako

Kama nyumbani kwenu kuna mpenzi wa MMA, yale mapigano yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka, unajua Jumapili ya Unguja inavyoanza. Mapambano makubwa ya Las Vegas hutufikia alfajiri, na mara nyingi bingwa huvishwa mkanda kabla chai haijaiva. Mwaka 2021 Francis Ngannou wa Kameruni, pamoja na Kamaru Usman na Israel Adesanya waliozaliwa Nigeria, walishika kwa wakati mmoja mikanda ya UFC, shirika la Marekani linaloandaa mapigano haya. Si ajabu kijana wetu kutamani nakala ya mkanda ule. Ikishaingia ndani, maneno ya barazani huifuata, na bila shaka umeyasikia. Tuyapime.

“Mkanda wa bingwa ni dhahabu tupu.”

Si kweli. Kwa kawaida bamba lake ni shaba ya njano, au mchanganyiko wenye zinki, lililochovywa dhahabu. Piga hesabu mwenyewe: bamba la sentimita 25 kwa 20, unene milimita 4, lingekuwa dhahabu tupu lingekaribia kilo nne, na hapo hujagusa mabamba ya pembeni wala ngozi. La zinki halifiki hata kilo moja na nusu. Lakini wazee waliosema hivyo hawakulitoa neno hewani. Mkanda wa Lonsdale wa Uingereza, uliotolewa mara ya kwanza 1909 kwa mabondia, ulitengenezwa kweli kwa dhahabu ya karati 22. Zama zile zimepita.

“Weka sumaku, isiposhika, ni dhahabu.”

Uongo, na huu unawagharimu watu pesa. Sumaku haishiki dhahabu, haishiki shaba, haishiki zinki. Inachokufichulia hasa ni chuma. Mjuzi ni sonara, naye Mji Mkongwe hakosekani. Husugua kitu kwenye jiwe jeusi, akadondoshea tindikali, akasoma alama iliyobaki. Tena sonara mzoefu hasugui juu juu, kwa sababu kitu cha kuchovya kitatoa alama ya dhahabu kwenye msuguo wa kwanza. Atakwangua kidogo mahali pasipoonekana, ndipo asugue.

Mwenyewe unaweza kuanza kwa macho. Geuza bamba uangalie mgongo wake na kingo zake. Kingo ndiko dhahabu ya kuchovya inakoanza kutoka, na chini yake utaona kijivu cha zinki au rangi ya shaba. Kisha bana na bandua vile vifungo vya nyuma mara kadhaa. Kifungo kikilegea mbele ya muuzaji, nyumbani hakitakaza.

“Nakala maana yake feki.”

Si kweli, haya ni mambo mawili. Nakala rasmi hutolewa kwa idhini ya mwenye nembo. UFC wenyewe huuza nakala za mkanda wao wa Legacy, ulioanza kutumika Januari 2019. Feki ni ule uliobandikwa nembo ya watu bila ruhusa yao, na anayekuuzia nakala, hata iliyo rasmi, kwa maneno ya “huu alivaa bingwa mwenyewe” ni tapeli.

Tena mikanda pacha ina historia ya heshima. Tarehe 17 Aprili 1860, huko Farnborough, Uingereza, Tom Sayers alizichapa na Mmarekani John Heenan, mikono mitupu, zaidi ya saa mbili. Watu wakavamia ulingo, mshindi asipatikane. Ugomvi wa nani apewe mkanda ukamalizwa kwa kumpa kila mmoja wa kwake.

“Bingwa akipigwa, mkanda wake unachukuliwa.”

Uongo, kwa UFC angalau. Mshindi hupewa wake, na aliyeshindwa hubaki na ule alioutolea jasho. Anayeutetea huongezewa kijiwe chekundu kwenye mkanda.

“Huu umetoka Marekani.”

Mara nyingi si kweli. Sialkot, mji wa Pakistani unaosifika kwa kushona mipira ya miguu, una karakana nyingi za mikanda. Kutoka huko si aibu. Uliza tu ngozi ni ya mnyama au ya plastiki.

“Ngumi Zanzibar ni marufuku, mkanda wa nini?”

Ilikuwa kweli. Sasa si kweli. Ngumi zilipigwa marufuku hapa baada ya Mapinduzi ya 1964, enzi za Mzee Karume, na marufuku ile ikadumu karibu miaka sitini. Kizazi kizima cha Unguja kilimjua bondia kwa redio, kwa televisheni au kwa kuvuka kwenda Dar es Salaam. Judo na karate zilichezwa, kwa hiyo mkanda tulioujua sisi ni ule wa kitambaa, mweupe hadi mweusi, unaofungwa kiunoni. Chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi mlango ukafunguliwa, na Agosti 2023 bondia Karim Mandonga akapanda ulingoni Unguja. Januari 2024 Hassan Mwakinyo akapigana hapa hapa kuwania mkanda wa WBO Afrika. Mtoto wa Ng'ambo leo anaweza kuuona mkanda wa ubingwa ukiinuliwa kisiwani kwake. Baba yake hakuipata nafasi hiyo, na mimi nafurahi mtoto ameipata.

“Usugue kwa ndimu na majivu, utang'aa.”

Kweli kwa misumari ya shaba ya milango yetu. Uongo kwa mkanda. Wazee walijua walifanyalo: ukali wa ndimu huyeyusha ule weusi wa shaba, majivu hukwangua yaliyobaki, na shaba iko mpaka ndani. Dhahabu ya mkanda ni utando mwembamba kuliko unywele. Misuguo michache tu imekwenda, na zinki iliyobaki wazi huliwa na hewa yetu ya chumvi. Tumia kitambaa laini kikavu, basi.

“Utie karafuu kabatini.”

Kweli, na bibi zetu wapewe haki yao. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, kitu kinachozuia ukungu na kufukuza wadudu, na ngozi ya mkanda msimu wa masika hushika ukungu upesi. Zifunge karafuu kavu kwenye kitambaa, zisiguse ngozi wala bamba, kwa sababu mafuta yake huacha doa. Ngozi ya plastiki haitaokolewa na karafuu, kwani unyevu wenyewe huibambua taratibu. Hiyo itundike chumba kinachopitisha hewa, mbali na dirisha la upande wa bahari, na karafuu zako ziweke kwenye ngozi ya kweli, ukizibadilisha zikipoteza harufu.