Lugha ya Habari za Uchumi katika Redio ya Umma: Suala la Mtendaji na Istilahi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyotumika kutangazia habari za biashara na shughuli za umma katika redio ya taifa nchini Tanzania. Redio hiyo ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ikaitwa Radio Tanzania mwaka 1965, na tangu mwaka 2007 imo katika Shirika la Utangazaji Tanzania. Katika historia yake imebeba jukumu la kuelimisha umma. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ni mfano unaofahamika. Hoja yetu ni kwamba jukumu hilo haliwezi kutimizwa katika habari za uchumi iwapo sarufi inamficha mtendaji na istilahi inamwachia msikilizaji maana isiyokusudiwa.

2.0 Mtendaji katika Sentensi ya Habari

Tuzingatie sentensi zifuatazo, ambazo tumezitunga kwa ajili ya ufafanuzi:

(1) Nauli za mabasi zimepanda.
(2) Nauli za mabasi zimepandishwa.
(3) Mamlaka imepandisha nauli za mabasi.

Katika (1), nauli ndiyo kiima cha kitenzi kisicho elekezi, na tukio linaelezwa kana kwamba limejitokea lenyewe, kama mvua inavyonyesha. Katika (2), viambishi vya kutendesha na kutendwa vinadokeza kuwa yuko aliyetenda, ingawa hatajwi, msikilizaji anaweza kuuliza, "Na nani?" Sentensi (3) inalijibu swali hilo. Kwa kuwa nchini Tanzania nauli za mabasi ya abiria hupangwa na mamlaka ya udhibiti, muundo wa (1) unamnyima mwananchi habari anayoihitaji ili ajue pa kupeleka hoja yake.

Hata hivyo, haifai kudai kwamba muundo wa (3) ni bora nyakati zote. Bei ya kahawa hutegemea kwa kiasi kikubwa soko la dunia, ambamo wanunuzi na wauzaji ni wengi. Hapo kusema "bei imeshuka" ni sahihi zaidi kuliko kumtafuta mtu mmoja wa kulaumiwa. Kinachotakiwa, basi, ni kauli ya kitenzi ilingane na hali halisi ya tukio.

3.0 Istilahi na Maana Inayopokelewa

Mfano wa pili ni istilahi "mfumuko wa bei". Mtangazaji anaposema kuwa mfumuko wa bei umeshuka kutoka asilimia 8 hadi asilimia 5, msikilizaji asiye mtaalamu anaweza kuelewa kuwa bei zimeshuka. Sivyo. Bidhaa iliyouzwa shilingi 1,000, ikipanda kwa asilimia 8, huuzwa shilingi 1,080; mwaka unaofuata, ikipanda kwa asilimia 5, hufikia shilingi 1,134. Kilichopungua ni kasi ya kupanda, wala si bei. Kosa haliko katika istilahi yenyewe, bali katika kuitamka bila kuifafanua. Nyongeza fupi kama "yaani bei zinaendelea kupanda, ila polepole zaidi" ingetosha.

Kwa upande mwingine, Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutekelezwa mwaka 2005, ulipata jina lenye neno la siku nyingi katika biashara ya pwani. Msikilizaji anayelijua neno forodha ana pa kuanzia, ingawa bado anahitaji kuelezwa ni bidhaa zipi zinazotozwa ushuru na zipi zinazosamehewa.

4.0 Hitimisho

Msomaji wa gazeti huweza kurudia aya iliyomtatiza. Msikilizaji wa redio hana nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo, tunapendekeza kwamba mafunzo ya watangazaji yahusishe uchambuzi wa kauli za vitenzi, na kwamba kila istilahi ya uchumi iandamane na ufafanuzi wake hewani. Mkulima anayeamua auze mazao leo au asubiri hutegemea sentensi aliyoisikia mara moja tu.