Fahamu: Kuku anavyopata kingamwili nyingi kutoka kwa jeni moja

Binadamu ana makumi ya vipande vya jeni anavyovichanganya ili kuunda kingamwili za kila namna. Kuku hana utajiri huo. Kwa mnyororo mwepesi wa kingamwili ana jeni moja tu ya aina iitwayo V inayofanya kazi, nayo huungana na kipande kimoja kiitwacho J. Kwa hesabu hiyo, seli zake za ulinzi zingetoka karibu zote sawa.

Hazitoki sawa, na njia anayotumia inastaajabisha kweli. Kando ya jeni hiyo zimepangana jeni 25 mfu, zisizoweza kutengeneza protini zenyewe. Kimeng'enya kiitwacho AID hugeuza herufi ya DNA kwenye jeni hai: C inakuwa U. Seli, katika kurekebisha kasoro hiyo, hunakili kipande cha jeni mfu na kukibandika palipoharibika. Jeni mfu hubaki ilivyokuwa. Iliyo hai ndiyo inayobadilika. Hilo hurudiwa tena na tena, hata kila seli ikawa na viraka vyake.

Kazi hii hufanyika katika bursa ya Fabricius, kifuko kidogo kilicho karibu na njia ya haja, na huanza kifaranga akiwa bado ndani ya yai. Herufi B ya seli B, yaani hizo seli za ulinzi, imetoka kwenye jina la kifuko hicho. Ndicho kinachoshambuliwa na virusi vya gumboro. Kwa hiyo kifaranga aliyeugua gumboro mapema, hata akipona, anaweza kupewa chanjo ya ugonjwa mwingine, kama kideri, na isimkinge ipasavyo.