Kamomili: chai isiyo na kafeini, na namna ya kuitofautisha na pareto



Katika mafunzo yaliyopita, mama mumoja alituonyesha paketi ya chai iliyonunuliwa mujini. Juu yake kulikuwa picha ya maua meupe yenye moyo wa manjano. Akauliza: «Agronome, hii si pareto yetu? Kama watu wa mujini wanainywa, sisi tunangoja nini?» Watu walicheka, lakini swali lile si la kucheka. Maua yale ni kamomili, siyo pareto. Mutu akichanganya hizo mbili, atauzia watu dawa ya wadudu ndani ya kikombe.

Kwa nini haina kafeini?

Kafeini ni ile kitu inayoamsha mutu akinywa kahawa ao chai. Kikombe cha kahawa kinaweza kuwa na miligramu 90 hivi, cha chai nyeusi karibu nusu yake. Chai ya kijani nayo iko nayo, sababu inatoka kwa muti uleule. Kamomili haiko na undugu na muti wa chai wala wa kahawa, na haitengenezi kafeini hata kidogo. Si kiwanda ndicho kiliitoa. Ndiyo maana watu wengi wanainywa magharibi, mbele ya kulala.

Kamomili na pareto: tuangalie vizuri

Hizi mbili ni za jamaa moja, pamoja na alizeti na artemisia. Pareto tunaijua milimani: maua yake yanatengenezwa dawa ya kuua wadudu. Tofauti ni hizi:

- Moyo wa ua: kata ua katikati na wembe. Moyo wa kamomili ni kama kamulima kadogo, na ndani ni wazi. Wa pareto ni bapa na umejaa.
- Ukubwa: ua la kamomili lina sentimetre 2 hivi. La pareto ni kubwa zaidi, sentimetre 3 ao 4.
- Majani: ya kamomili ni membamba kama nyuzi. Ya pareto ni mapana zaidi, yenye rangi ya majivu.
- Harufu: ukifikicha kamomili, inanukia kama tunda la pome. Pareto inanuka kali.

Alama moja haitoshi, angalia zote ine. Ukiwa na shaka, usinywe na usiuze. Tena, usikaushe kamomili kwenye turubai ao gunia iliyobeba pareto.

Kulima na kukausha

Mbegu ya kamomili ni ndogo sana, karibu kama vumbi. Inahitaji mwangaza ili iote, basi usiifunike na udongo: ichanganye na muchanga mukavu, imwage juu ya kitalu, kandamiza kidogo na ubao, kisha nyunyiza maji polepole. Palilia mapema, sababu majani mabaya yanaishinda haraka.

Maua yanavunwa wakati petali nyeupe zimefunguka sawasawa. Zikisha kuinama chini, umechelewa. Vuna asubuhi, umande ukisha kukauka. Tandaza maua tabaka moja kivulini, pahali penye upepo. Jua kali linaondoa harufu, na harufu ndiyo munayouza. Kilo 5 hivi za maua mabichi zinatoa kilo 1 ya makavu. Na yote yanachumwa na mukono, ua kwa ua. Muhesabu siku za kazi mbele ya kuhesabu faida.

Tuanze wapi?

Ushauri wangu: musing'oe hata muti mumoja wa kahawa juu ya kamomili. Kwanza koperative imupate munuzi anayesema bei na kiasi. Kisha jaribuni kitalu kimoja kidogo kwa musimu mumoja. Wakati munangoja, kuna sitroneli, ambayo wengi wetu tuko nayo nyuma ya nyumba. Nayo haina kafeini, inaota bila taabu, na watu wa kwetu wanaijua. Kukausha sitroneli vizuri na kuifunga katika paketi safi ni masomo ya kwanza yasiyo na hasara kubwa.

Kuitayarisha, na tahadhari

Tia kijiko kidogo 1 ao 2 cha maua makavu ndani ya kikombe, mwanga maji ya moto, funika dakika 5 mpaka 10, kisha chuja. Usiichemushe juu ya moto, harufu inaenda na mvuke.

- Mutu anayewashwa ngozi ao kupiga chafya akigusa pareto, anaweza kupata shida na kamomili pia.
- Mama mwenye mimba, na mutu anayekunywa dawa ya kufanya damu isigande, waulize muganga kwanza.
- Watoto wachanga wapewe maziwa ya mama tu.
- Usiinywe pamoja na chakula: inapunguza chuma ambacho mwili unapata, hata kama ni chini ya chai nyeusi.

Tena, musiandike kwenye paketi kwamba inaponyesha malaria ao ugonjwa mwingine. Haiponyeshi malaria. Mutoto mwenye homa apelekwe kwenye kituo cha afya siku ileile. Tukisema ukweli juu ya kinywaji chetu, munuzi atarudi.

Kwenye mukutano unaokuja, kila kikundi kilete ua moja la pareto na wembe. Tutalikata pamoja, ili kila mutu ajionee moyo wake.