Songea: likizo ya kupanda vilima na kusikiliza historia

Likizo ya Juni ikikaribia, familia ya Dar es Salaam au Dodoma yenye akiba kidogo huelekeza macho kaskazini, au hufikiria kuvuka maji kwenda Unguja. Anayekata tiketi ya basi la Songea mara nyingi ana shughuli ya kifamilia: harusi, msiba, au kwenda kumsalimu bibi. Kwenda huko kutalii tu, na watoto juu, bado huonekana jambo la ajabu. Lakini Songea vilima vya kupanda ndivyo hivyo hivyo vilivyobeba historia, na mtoto hahitaji kuchagua kati ya kucheza porini na kupelekwa makumbusho.

Pa kuanzia ni Chandamali, kilima cha mawe kilicho ndani ya manispaa. Kati ya mawe yake kuna pango ambalo wenyeji huwaonyesha wageni, wakieleza kuwa ndimo alimojificha Nduna Songea Mbano wakati Wajerumani wakimsaka. Mji huu umepewa jina lake. Inafaa kwenda na mwongozaji, kwa sababu bila masimulizi pango hubaki shimo la mwamba, na watoto wataliacha baada ya dakika tano.

Songea alikuwa nduna, yaani jemadari na mtawala wa eneo, katika ufalme wa Njelu chini ya Nkosi Mputa Gama. Wangoni walikuwa wametoka mbali: wazee wao waliondoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na hatimaye baadhi ya makundi yao yakatua katika nchi hii ya Ruvuma. Vita vya Majimaji vilipolipuka Umatumbi mwaka 1905, dawa ya maji ilisafiri hadi Ungoni, na Wangoni wakaingia vitani. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyeianzisha, alikuwa ameshanyongwa na Wajerumani mapema Agosti, lakini kifo chake hakikuzuia moto kuenea.

Yaliyofuata yanasimuliwa Mahenge, mtaa wa Songea ilipo Makumbusho ya Taifa ya Majimaji. Februari 27, 1906 wapiganaji wa Kingoni 67 walinyongwa mjini hapo. Kuna kaburi la pamoja, na kando yake kaburi la Nduna Songea peke yake. Waongozaji hueleza kuwa kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapo, akakutana na wajukuu wa Nduna, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta.

Je, mtoto apelekwe kwenye makaburi ya walionyongwa? Wazazi wengine husita. Ukweli ni kwamba Vita vya Majimaji atakutana navyo darasani, na ni afadhali avijue akiwa amesimama penyewe, mzazi akiwa pembeni kujibu maswali. Anayeweza kusafiri mwezi Februari atakuta kumbukizi ya kila mwaka, inayofikia kilele tarehe 27, ngoma za lizombe na ligihu zikitikisa uwanja. Basi tu shule huwa zimefunguliwa.

Siku ya pili ni ya Matogoro. Milima hii iko mashariki mwa mji, nayo ni msitu wa hifadhi. Kabla ya kupanda ni vizuri kupita ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu kuulizia kibali na mtu wa kuongoza njia. Humu ndimo unamoanzia mto Ruvuma. Mtoto aliyeuchora kwenye ramani kama mpaka wa Tanzania na Msumbiji atauona ukiwa kijito, kabla haujasafiri takriban kilomita 800 hadi Bahari ya Hindi. Watu wa mjini nao hutegemea vyanzo vya milima hii kwa maji ya bomba, kwa hiyo taka zirudi na aliyezipandisha. Juni na Julai hapana mvua, ila baridi ya asubuhi si mchezo: sweta lisiachwe. Wenye watoto wadogo wasioweza mlima wana bustani ya wanyama ya Luhira, karibu na mji.

Kisha barabara ya magharibi. Ni lami hadi Ziwa Nyasa, na njiani gari linaweza kuchepuka Peramiho, abasia ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1898 na kuchomwa moto katika Majimaji. Lakini pa kutulia zaidi ni Mbinga.

Huko ndiko kwa Wamatengo, na miteremko yao imejaa mashimo ya ngoro, yaliyopangana kama sega la nyuki. Mvua zikielekea ukingoni wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunika yale majani, kisha hupanda maharage juu ya matuta. Msimu unaofuata huja mahindi. Maji ya mvua hutuama shimoni badala ya kuporomosha udongo. Kutembea juu ya matuta hayo bila ruhusa ya mwenye shamba ni utovu wa adabu, lakini wenyeji wakiombwa huonyesha.

Mbinga pia inatibua hadithi ya Songea, na hilo ndilo zuri lake. Mtoto aliyewahurumia Wangoni kule Mahenge atasikia hapa kwamba katika karne ya 19 Wamatengo walikimbilia milimani wakiwakwepa Wangoni hao hao. Kulima kwenye miteremko mikali kulikuwa na sababu. Siku hizi uhasama huo umegeuka utani, na mgeni anayejitambulisha kuwa Mngoni ajiandae kutaniwa.

Mwisho wa lami ni Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, penye mchanga, usipa wa kukaanga na maji ya kuogelea kwa anayejua na kuuliza wenyeji kwanza sehemu salama. Kaskazini yake iko Liuli, ambako jiwe la Pomonda limechomoza majini. Wajerumani waliliona linafanana na sanamu ya Misri, wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen. Agosti 13, 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia hapo Hermann von Wissmann ya Wajerumani, shambulio linalohesabiwa kati ya mapigano ya mwanzo kabisa majini katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Familia isiyotaka kurudi kwa njia ile ile inaweza kuulizia bandarini Mbamba Bay ratiba ya MV Mbeya II, inayopandisha ziwa hadi upande wa Kyela. Kutoka huko mabasi ya Mbeya ni mengi.