Je, lugha ya kompyuta inaweza kuwa na mwenyewe?

Katika pwani yetu, mshairi akitupa swali kwa mizani 16 kila mstari, anayejibu hurudisha kwa mizani na vina vilevile. Shairi lina mwenyewe. Bahari yake haina. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, aliacha kazi zenye hakimiliki, lakini hakuacha hakimiliki ya mizani.

Suala kama hilo limewagombanisha watengenezaji wa programu. Programu mbili huwasiliana kwa amri zenye majina na mpangilio maalumu, unaoitwa kiolesura. Mteja akilipa dukani kwa simu, mfumo wa duka hutuma amri kwa mfumo wa malipo. Jina la amri likikosewa, malipo hayapiti. Je, aliyebuni majina hayo anaweza kuwakataza wengine wasiyatumie?

Kampuni ya Oracle ilisema ndiyo. Mwaka 2010 iliishitaki Google nchini Marekani kwa kunakili mistari ipatayo 11,500 ya Java ilipotengeneza Android. Tarehe 5 Aprili 2021, Mahakama ya Juu iliipa Google ushindi kwa kura 6 dhidi ya 2, ikisema matumizi hayo yalikuwa ya haki. Hata hivyo, haikuamua kama kiolesura kina hakimiliki.

Ulaya ilikwenda mbali zaidi. Tarehe 2 Mei 2012, katika kesi ya kampuni ya SAS, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema lugha ya programu na kazi inayofanywa na programu havilindwi na hakimiliki ya programu.

Hapa kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta. Lakini mkataba wa TRIPS, unaoihusu Tanzania kama mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unaacha nje fikra na njia za utendaji.

Tofauti hiyo ina uzito. Mwenye duka Ngamiani akitaka kuhamia mfumo wa bei nafuu, mfumo mpya sharti uelewe amri za ule wa zamani. Amri zikiwa mali ya mtu mmoja, mwenye duka amefungwa, na kijana wa Tanga aliyetengeneza mfumo bora hana pa kuuuza.

Kwa maoni yetu, aliyeandika programu alindwe asiibiwe jasho lake. Majina ya amri yabaki wazi, ili wengine waweze kujibu.